Mama Hahamii Kwenye Pagale

Watu wa Tabora wananiita fundi wa nyumba za baridi, na jina hilo limenichosha. Kazi yangu ni kuchora na kusimamia ujenzi wa nyumba ambazo hazihitaji feni wala hazimalizi msitu: matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, upenu mpana, madirisha yanayoupokea upepo na kulikwepa jua. Mteja huja jasho linamtiririka, anasema, "Dada, nijengee nyumba yenye ubaridi." Nachora. Siku ya kuchimba msingi anakuja na picha kwenye simu: nyumba ya Dar, paa la kujificha nyuma ya kuta, ukuta mzima wa kioo unaotazama magharibi. "Ubaridi uwepo," anasema, "ila muonekano uwe huu." Nimeyasikia hayo hapa mjini, nimeyasikia Bukene, nimeyasikia mpaka Tura, ambako ukishuka tu kwenye treni unaona tanuri za matofali zinafuka moshi na miti imebaki visiki.

Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nasema, "Sawa, bosi," halafu kila wiki nakipunguza kile kioo kidogo kwenye mchoro, mpaka kinabaki dirisha. Ni kazi ya kuchosha kumfanyia mtu jambo jema kwa kumvizia.

Lakini hakuna aliyenichosha kama mama yangu mzazi, na yeye hata hakuniomba nyumba.

Mama anaishi Gongoni, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba alipokuwa akifanya kazi reli. Matofali ya kuchoma, bati juu, dari hakuna. Baba aliahidi dari mpaka umauti ukamkuta. Nyumba hiyo ilipoisha, mama alijiona amefika, maana yeye alizaliwa kwenye tembe kule upande wa Tura, kando ya njia ya zamani ya misafara: nyumba ndefu ya udongo, fupi ya kimo, paa lake bapa nalo la udongo. Kutoka pale hadi kwenye bati kwake ilikuwa safari ya maisha. Sasa ni mjane, ana presha, na ikifika Septemba na Oktoba bati lile linalia tki, tki, tki kuanzia asubuhi, na ndani humo hata mafuta ya kula hayagandi wala maji ya mtungi hayapoi. Daktari alimwambia apunguze joto, kana kwamba joto ni chumvi ya kwenye mboga.

Kwa hiyo mama alikuwa akiizunguka nyumba yake na kigoda. Asubuhi anakaa upande wa magharibi, jioni anahamia upande wa mashariki, akifuata kivuli. Saa za mchana kivuli kinabaki kamba nyembamba chini ya upenu, na yeye anajibana ukutani, miguu ameikunja isiguswe na jua. Nilipomwona hivyo siku moja nikaogopa. Niseme wazi: niliogopa kwamba bati la baba litamuua mama yangu.

Nikaamua kumjengea uani, nyuma ya ile nyumba ya zamani. Vyumba viwili na kibaraza. Udongo tuliupata kwenye shimo la tangi la maji ya mvua, hivyo hatukuleta lori hata moja. Nikachanganya na saruji kidogo, tukashindilia matofali, tukayafunika nyasi yakauke taratibu. Hata ukuni wa kuchemshia chai haukuhusika na matofali yale. Mwashi wangu, mzee wa Kiislamu wa hapahapa mjini ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi, aliyapanga yakashikana vizuri. Pande ndefu za nyumba tulizielekeza kaskazini na kusini ili jua likutane na kuta fupi. Bati tuliliinua juu, chini yake dari la mianzi, na katikati tukaacha nafasi upepo upite. Kuta sikuzipaka kitu. Nilizisugua zikatoka na rangi yake, nyekundu ya ulezi, kila tofali linaonekana. Kwa jicho langu, sijawahi kujenga kitu kizuri kama kile.

Wakati wote wa ujenzi mama hakuwa na neno. Kila asubuhi aliwasalimia mafundi, akawaletea uji na matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Siku ya kumkabidhi ufunguo aliingia, akashika ukuta, akatazama juu, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Kweli kuna ubaridi." Akatoka. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, akarudi kwenye kigoda chake.

"Mkishamaliza mtaniambia," akasema.

Nikadhani anataka mapazia. Nikatundika mapazia. Akashukuru, akabaki kwenye kigoda. Nikanunua kitanda. Akashukuru. Nikaweka chandarua, nikatandika mkeka mpya, nikapeleka hata ile picha ya harusi yake na baba. Kila mara alishukuru kwa moyo mmoja, na kila mara akarudi kulala chini ya bati. Baadaye nikakuta gunia la karanga chumba cha mbele. Likafuata gunia la mkaa. Ikafuata baiskeli ya marehemu. Mwishowe kuku nao wakaingia, na mmoja akatagia kitandani, juu ya shuka jipya. Nilisimama mlangoni nikamtazama kuku yule amejituliza penye ubaridi niliouvunjia mgongo, akanitazama na yeye, sikuwa hata na nguvu ya kumfukuza. Mganga hajigangi, nikajisemea. Nabembeleza watu mkoa mzima, nashindwa kumhamisha mama yangu kutoka mlango huu kwenda mlango ule.

Oktoba ilikuwa imeiva nilipopigiwa simu. Nilikuwa Bukene, kwa mteja, tunasutana kuhusu kioo. Jirani yetu wa Gongoni alisema mama ameteleza kutoka kwenye kigoda mchana, chini ya upenu, amemkuta hasemi vizuri. Nilimwacha mteja na kioo chake. Nilipata nafasi kwenye lori la mpunga, na njia nzima sikuwaza lingine ila kwamba nyumba ipo, kitanda kipo, na mama yangu anakufa kwa joto hatua chache kutoka hapo.

Nilimkuta kitandani, nyumba ya zamani, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Jirani alikuwa akimpepea kwa ungo. Kauli ilikuwa imerudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hapo nikapasuka. Sikuwahi kumpandishia mama sauti tangu nizaliwe. "Mama, kuku wako wanalala kwenye ubaridi, wewe unalala kwenye tanuri! Kwa nini?"

Jirani akaacha kupepea, akawa anauchunguza ungo wake.

"Kuku hawana majirani," mama akasema.

Akajivuta akaegemea mto, akaongea kwa upole, kama anayemweleza mgeni wa mji.

"Sasa mimi nihamie kwenye pagale, mwanangu? Mtu mzima kama mimi? Pagale analala mlinzi. Analala aliyefukuzwa kwao."

"Si pagale, mama. Imeisha. Ndivyo nilivyoichora."

"Matofali yanaonekana."

"Yanaonekana kwa makusudi!"

"Mimi na wewe tunajua ni makusudi. Anayepita njiani utamwonyesha mchoro? Watasema baba yao alijenga akamaliza, watoto wamefika kwenye lipu wamekwama." Akanigusa mkono. "Mimi nilikuwa nangoja tu. Nilijua mambo yamekuwa magumu kwako. Sikutaka kukuharakisha."

Nyie mnaoishi miji yetu hii mnajua. Kila mtaa una pagale lake: kuta zimesimama, nguvu za mwenyewe zimekwisha, mbarika umeota sebuleni na mbuzi wanajikinga mvua. Kwetu nyumba ambayo tofali lake linaonekana haijaisha, na mwenye nayo haulizwi sana, kwa heshima. Ndiyo heshima aliyonipa mama. Aliniona nimeishiwa, akanyamaza, akanihifadhia aibu yangu kwa kukaa kwenye jua msimu mzima. Nilijisikia kuchoka mpaka kwenye mifupa. Nilitoka nje nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kesho yake mwashi alikuja kumjulia hali. Nilipomweleza, akacheka kwa huruma. "Tatizo ndilo hilo tu? Tunapiga lipu ya saruji, Ijumaa mama anahamia." Na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa, nikamwambia sawa, alete saruji. Nimewaambia watu maneno yangu yote, nimekataza lipu hiyo kila ninapojenga, maana saruji inauziba ukuta wa udongo, unyevu unafungiwa ndani, na mvua za mwaka wa pili lipu inabanduka vipande vipande. Lakini nikasema alete. Alipofika getini nikaikumbuka ile tembe alikozaliwa mama, nikamwita arudi.

Nikaingia kwa mama. Alikuwa amekaa, anakunywa uji.

"Mama, nyumba ya bibi, kule Tura. Ilipakwa nini?"

Akacheka kidogo. "Itapakwa nini? Udongo, mavi ya ng'ombe, majivu. Ulidhani rangi ya dukani?"

"Kwa hiyo nayo ilikuwa pagale."

Kikombe kilishuka. "Nyumba ya mama yangu pagale?" Nilisikia kabisa presha yake inapanda, nikajuta. "Mavuno yakishaingia ndani tunaipaka yote! Wanawake wote wa pale! Mpaka unaona aibu kuegemea na nguo ya shamba! Udongo ndiyo, lakini pagale haikuwa hata siku moja." Akainuka, kama aliyekuwa na mengine ya kuongeza. Badala yake akatazama uani kupitia mlangoni, akatazama kwa muda.

"Huo ukuta wako," akauliza, "ni udongo kweli, au mmetia vitu vyenu?"

"Udongo, mama. Saruji kidogo sana."

"Basi waite kina mama."

Wakaja wenzake wa kanisani, Wamoravian wa umri wake na wengine wadogo kidogo, wakajifunga khanga viunoni. Mimi na mwashi tukapewa kazi ya kukanyaga udongo. Mama alikuwa kwenye kigoda, anafinya kila bonge tunalompelekea. "Huu una maji. Ongeza majivu. Wewe ulisoma nini huko?" Mwashi akainama kuficha kicheko. Akina mama wakapaka sehemu za juu kwa viganja, wakiongea Kinyamwezi na kuchekana. Mama alipaka chini, pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika, akisogeza kigoda kidogo kidogo kuizunguka nyumba, kama alivyokuwa akifuata kivuli. Alipochoka alipumzika, hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Mwisho akaomba udongo mweusi wa mbugani, akauvuta mstari mpana chini ya ukuta, pande zote. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya, akasema.

Ukuta ulipokauka, mtu alipita njiani, akachungulia uani, akapaza sauti: "Hongereni! Naona mmemaliza!" Mama akajibu kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, "Tumemaliza, baba, tunashukuru!" Na mimi niliyemaliza miezi iliyopita nikaitikia vilevile.

Tukafukuza kuku, tukatoa mkaa. Mzee wa kanisa akaomba. Mama akaingia na Biblia yake na taa yake ya mkono, akasema anajinyoosha kidogo. Ilikuwa saa saba mchana, jua lile la Oktoba lisilo na huruma. Nilikaa kibarazani peke yangu, mikono ina nyufa za udongo, nikilisikia bati la baba likilia ng'ambo ya ua. Humo ndani kulikuwa kimya, na ule ukimya ukarefuka, nikaanza kuogopa tena.

"Mwanangu!"

Niliruka nikaingia. Alikuwa amelala ubavu, amejikunja, khanga ameivuta mpaka shingoni.

"Niletee blanketi," akasema. "Humu kuna baridi."

Nikatoka kulifuata kwenye nyumba ya zamani. Nilivuka ua polepole, jua linanichoma utosini, nalia na kucheka, na sikutaka kufika haraka.