Saa Niliyomrudishia Mama

Kwenye usharika wetu wa Balangdalalu, sikukuu ya mavuno haiishi mchungaji anaposema amina. Watu wanatoka nje, wanakaa kwenye nyasi mbele ya mlango, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko wenzake anapanda juu ya benchi na kunadi kila kilicholetwa kama sadaka: madebe ya mahindi, maharage, maboga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Ukinunua, unabeba mali yako unakwenda zako. Lakini sifa hasa anazipata yule anayenunua kitu kisha akasema, "Namrudishia mwenyewe." Hapo jogoo wa mjane anarudi kwa mjane, kanisa linabaki na fedha, kina mama wanapiga vigelegele, na aliyenunua anatembea kifua mbele mpaka jioni.

Mimi napenda sifa. Bora niliseme hilo mapema, maana bila hilo mengine haya hayaeleweki.

Mwaka huo nilikuja kutoka Mbulu mjini, ambako nina duka la ushonaji lenye cherehani mbili na kibao cha jina langu nje. Baba alikuwa amefariki wakati wa masika na mimi sikumkuta hai. Nilichelewa siku moja. Mama alinipigia Ijumaa akasema hali ya baba si nzuri, nikamjibu kesho alfajiri napanda gari. Lakini kesho yake ilikuwa harusi ya binti wa jirani yangu pale mjini, na sare zote za kina mama wa kamati nilizishona mimi, kitambaa cha rangi ya dhahabu, mikono mipana ya kumwagika. Nilitaka kuziona zikicheza. Nilitaka watu waulize nani kashona. Basi asubuhi ya Jumamosi nikampigia mama nikamwambia korongo la njiani limejaa maji, magari yote yamelala ng'ambo. Jumapili niliposhuka kwenye gari nikakuta viti vya kukodi vimeshapangwa uani kwetu.

Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinishika mikono yote miwili akaniambia pole na safari. Tangu siku ile nikawa natafuta la kumfanyia. Nilimpelekea blanketi, nikampelekea sukari, nikamshonea magauni mawili ya kanisani, na kwa kila kitu alisema asante kwa sauti ileile ya mtu anayepokea barua ya serikali. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, aniambie kwamba hana kinyongo na mimi. Kumuuliza sikuthubutu.

Usiku wa kuamkia siku ya mavuno nililala Haydom kwa rafiki, nikaunganisha gari la asubuhi na kuingia moja kwa moja kanisani, ibada ikiwa imeshaanza. Wakati wa sadaka nikamwona mama anakuja mbele, amebeba mzigo mrefu uliofungwa kwenye kitenge, na nyuma yake jirani yetu kabeba boksi. Mama alipofungua kile kitenge chini ya madhabahu, nusura nisimame.

Ilikuwa saa ya baba.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano, na wageni waliokuwa wakiyasimamia walipoondoka, vitu vya nyumba zao vilipigwa mnada. Wenzake walinunua vitanda, matairi, mabomba ya maji. Baba akarudi na saa ya ukutani ya mbao, ya kale hata kwa wale wageni, yenye kijimlango cha kioo kilichochorwa ndege na kisahani cha shaba kinachobembea ndani. Na kwenye boksi, glasi sita zenye maua ya dhahabu ukingoni pamoja na chombo cha maua cha kioo cha bluu. Sisi kwetu maua tunayaacha shambani yanakoota. Mama alimnunia siku mbili. Siku ya tatu akaziosha zile glasi kwa majivu laini na kuzipanga kwenye kabati, na tangu hapo ole wake mtoto aliyezigusa. Saa ilitundikwa sebuleni. Kila Jumamosi baba alinawa mikono, akapanda kwenye stuli na kuitia ufunguo. Iligonga kila saa, sauti nzito ya kutulia, ikasikika mpaka kwa majirani. Wao nao waliizoea, walipika kwa kuifuata, na ikikawia walituma mtu aje kuuliza kulikoni.

Sasa imelala kati ya maboga. Nikasema moyoni, mama kafikia wapi mpaka anatoa hata hii? Nikaamua kwamba ni shida, au ni upweke umemchanganya, na kwa vyovyote vile mimi nipo. Nafasi niliyoitafuta tangu masika nimeletewa mkononi.

Ibada ilipokwisha mzee wa kanisa akapanda kwenye benchi. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali, tumejifunika mashuka. Mahindi yakaenda, jogoo wakaenda. Vikaja vyombo vya kioo. Mzee alizinyanyua glasi moja moja juani ili watu waone dhahabu, akachekesha kwamba anayezinunua ajue soda haiongezeki humo. Zikanunuliwa na mfanyabiashara wa Katesh, baba wa Kiislamu wa makamo ambaye kila msimu huja kwenye minada ya makanisa yetu kununua maharage, tumemzoea kama mtu wa hapa. Chombo cha bluu akachukua yeye pia. Alisema anamjua mtu wa hoteli huko Karatu anayetafuta vitu vya zamani vya kuwapendeza wageni. Mama muda wote alikuwa ametazama viatu vyake.

Ilipoinuliwa saa, yule baba akaanza na elfu thelathini. Mama akainua uso. Alimtazama yule mnunuzi bila kupepesa, midomo imebanwa, na mimi nikasoma uchungu. Kazi yangu ni kupima watu. Mteja akiingia mlangoni namjua kiuno kabla sijashika utepe. Lakini mama yangu mwenyewe nilimkosea kipimo.

"Hamsini!" nikapiga kelele.

Watu wakageuka. Yule baba akatabasamu, akasema sitini. Nikasema themanini. Mzee wa kanisa akachangamka, akaanza kucheza juu ya benchi kidogo. Tisini. Laki moja! Hiyo ilikuwa hela ya vitambaa, iko kwenye simu, na sikujali hata kidogo, kichwa kilikuwa kimeshavimba. Yule baba akamuuliza mzee, "Huyu dada ni nani?"

"Binti wa marehemu mwenye saa."

Akashusha mkono. "Basi mimi siwezi. Kitu cha baba yake, achukue yeye."

Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikasimama, nikanyoosha gauni langu, nikasubiri kimya kiingie vizuri, kisha nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Namrudishia mama yangu!"

Vigelegele vile sijawahi kuvipata tena. Kina mama walinizunguka, mchungaji akanishika bega, kuna bibi alilia kabisa. Mama alikuja mbele polepole. Alipokea saa kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa.

"Asante, mwanangu," akasema. Sauti ileile.

Nyumbani niliitundika mwenyewe kwenye msumari wake, pale ukuta ulipobaki mweupe kwa umbo lake. Niliitia ufunguo, nikapanga mishale kwa kufuata saa ya simu yangu, nikagusa kisahani, ikaanza kutembea. Nilitegemea mama atakuja kusimama karibu nami tuitazame. Alichukua ungo wa maharage akatoka nje, akakaa kwenye baridi akichagua mawe. Nikamfuata na stuli yangu, tukakaa. Nikampigia hadithi za mjini. Alicheka palipotakiwa kuchekwa.

Saa kumi ikafika na saa ikagonga ndani. Mama alishtuka mwili mzima, ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa chini.

Hapo nikapandwa na hasira. Nina hasira za karibu, na zaidi ninapokuwa nimeumia. "Mama, kwani hukufurahi?"

"Nimefurahi. Asante."

"Usiniambie asante! Kama ulikuwa huitaki ungesema, nisingemwaga hela yangu mbele za watu. Nifanye nini mimi? Niambie basi, nifanye nini?"

Nilikuwa napiga kelele kwa mama yangu, na jirani upande wa pili wa uzio akaacha kulima. Mama alikusanya maharage mpaka la mwisho. Ndipo akaongea, akiwa bado ameinama.

"Yule baba wa Katesh nilimpigia mimi. Nilimwambia aje ainunue, aipeleke mbali. Kumuuzia hapa nyumbani nilishindwa. Hela yake ningeilaje? Nikaona bora iwe ya Mungu."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Jumamosi ile tulimtolea baba yako kitanda sebuleni apate mwanga. Kikakaa pale chini ya saa. Ikigonga anafungua macho, ananiuliza, amefika? Namwambia bado, korongo limejaa. Inagonga tena. Amefika? Bado, baba, bado. Akatazama mlangoni, akaona jua linawaka. Akaniambia, labda mvua imenyesha kwa wenzetu huko juu. Nikamwambia ndiyo, imenyesha huko juu."

Nilifungua mdomo. "Mama, lile korongo..."

"Nilikuona," akasema. "Saa nane hivi binti wa hapo jirani aliniletea simu yake, alidhani nitafurahi. Uliweka picha. Unacheza, umevaa gauni la dhahabu." Akautikisa ungo. "Ulipendeza."

Mama akaendelea, taratibu, mikono yake ikitembea kwenye maharage yaliyokwisha kuchaguliwa.

"Iligonga saa tisa, akauliza. Nikamwambia korongo. Saa kumi, korongo. Saa kumi na moja, korongo. Nimeishi na mtu yule miaka yote sijawahi kumdanganya, nikamdanganya siku ya mwisho, kutwa nzima. Ilipogonga saa kumi na mbili hakuuliza."

Jirani aliondoka kwenye uzio kimyakimya. Mimi nilikuwa nalia, si kwa adabu ya msibani, nalia na makamasi. Mama hakulia. Aliendelea kusema kama mtu anayetua mzigo kidogo kidogo asije akaumia mgongo.

"Sasa kila ikigonga nakukasirikia. Asubuhi nakukasirikia, mchana nakukasirikia. Nikaacha kuitia ufunguo, nikawa nakukasirikia nikiitazama tu. Na mimi sitaki kumkasirikia mtoto wangu. Nimebaki na wewe. Ndiyo maana nikasema iende."

Mimi ndiye niliyeirudisha. Kwa vigelegele.

Niliingia ndani, nikazuia kisahani kwa kidole, nikaitoa ukutani. Nilitaka kurudi nje nipige magoti, niombe msamaha, na nilirudi, na niliomba. Mama akaniinua. Akasema nimeshasamehewa siku nyingi, hata kwenye sala amenitaja. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, kusamehe nimeweza. Hili lingine bado."

Sikuuliza hilo lingine ni lipi. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, tukaongea habari za ng'ombe.

Kesho yake alinisindikiza barabarani, akanifungia saa vizuri kwenye kitenge kilekile ili kioo chake kisivunjike njiani. Gari lilipokuja aliniambia yale anayoniambia kila safari, ukifika unipigie. Niliipakata saa njia nzima. Makorongo yote yalikuwa makavu, na nililitazama kila moja.

Nilishuka stendi ya Mbulu alasiri. Nikaweka mzigo chini, karibu na mama mmoja muuza ndizi, nikapiga simu. Mama akapokea haraka, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Nimefika, mama."

Nikasikia anavuta stuli.

"Hapo ulipo kuna mtu?" akauliza.

"Yupo mama mmoja, anauza ndizi."

"Hebu mpe simu nimsalimie."

Nikampa. Yule mama alifuta mikono kwenye khanga, akaweka simu sikioni. "Shikamoo, mama," akasema. Akasikiliza. Akaniangalia, akaangalia mzigo wangu, akaniangalia tena.

"Ndiyo, mama," akasema. "Hapa ni Mbulu, stendi. Ndiyo, kashuka sasa hivi. Ndiyo, mama, yupo. Namwona."