Papa Alipiga Bega

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na moja, na mwaka ule ndio shida iliingia kwetu. Kabla yake sikujua kama sisi ni maskini au matajiri. Tulikuwa tunakula, basi.

Ninyi wa umri wangu mliokulia ng'ambo ya kushoto ya mto, karibu na Kisangani, kwenye mashamba ya kahawa ya njia ya Yanonge, mnayajua maisha ninayosema. Asubuhi capita, msimamizi wa kazi, anagonga kipande cha chuma, na kambi nzima inaamka. Kahawa inakauka juu ya sakafu ya saruji, na harufu yake inakaa kwenye nguo mpaka shuleni. Kule mwalimu alitazama kucha kabla ya kufundisha lolote. Kucha chafu, fimbo. Hakuna mzazi aliyekwenda kulalamika, maana angekuongezea nyingine nyumbani. Tukitoka, sisi wasichana tulicheza nzango, kuruka na kupiga makofi, mguu wako na mguu wa mwenzako, mpaka mama akuite kwa majina yako yote. Hapo unajua lituma imepondwa, na usipofika sasa utakuta sufuria inaoshwa. Ile lituma ya ndizi, na mchuzi wa nyama ya pori wenye mafuta ya mawese. Nyama ilitoka kwa Papa.

Papa alikuwa mwindaji wa shamba. Kazi hiyo vijana hawaijui, acha niieleze. Shamba lilikuwa na bunduki moja, karabini, na watu wawili wa kuilisha kambi nayo. Mmoja alikuwa Papa, mtu wa mto, Mkristo wa Isangi. Mwingine alikuwa Saidi, sisi watoto tulimwita Tonton, kama mjomba, Mwislamu wa Kisangani, wa ukoo wa wale wafanyabiashara wa zamani. Papa anapiga, Tonton Saidi anakimbia na kisu, amuwahi mnyama kabla hajakata roho, amchinje kwa jina la Mungu. Nusu ya kambi walikuwa Waislamu, na nyama isiyochinjwa wasingeigusa. Donc, ndiyo maana Papa alijifunza kupiga bega. Ukipiga bega, mnyama anaanguka papo hapo, lakini pumzi ingali ndani mpaka mwenye kisu afike. Tumbo, hapana. Ukipiga tumbo anakimbia, na mavi yanamwagika kwenye nyama. Kwetu kumwambia mwindaji amepiga tumbo lilikuwa tusi.

Sasa, siku tulizozipenda kuliko Noeli zilikuwa Jumapili za shabaha. Nyuma ya kambi kulikuwa na shimo kubwa walikochimba udongo wa matofali. Mzungu wa kwanza wa shamba aliliita kwa Kifaransa la cible, shabaha, sisi watoto tukalifanya Lasibu. Mara mbili tatu kwa mwaka, watu wakitoka misa, kambi yote ilikwenda Lasibu kuona bunduki ikipimwa. Wamama wanakuja na karanga na kwanga ya mihogo, wazee wanakaa juu ya magogo. Papayi lililoiva linawekwa juu ya kigingi, hatua sitini, na nyuma yake ukuta wa udongo wa kumeza risasi. Ilikuwa lazima liwe papayi, au ndizi, au boga, kitu cha kuliwa. Wazee walisema bunduki ukiizoeza kupiga vitu visivyoliwa, porini nayo itapiga bure. Likishapigwa tunaligawana, kila mtu kipande.

Papa na Tonton Saidi walikuwa wanachokozana tangu njiani.

"Saidi, papayi ikikuona wewe inacheka."

"Iache icheke. Wewe unapiga muzuri juu ya kuogopa bibi yako. Ukikosa, leo utalala kwa kuku."

"Na wewe bibi wawili, utalala kwa nani?"

"Kwako. Unitayarishie kitanda."

Papa alikuwa hakosi. Tonton Saidi alikosa moja katika tatu, na kila akikosa alisema ni jasho la macho.

Bon. Mwaka huo serikali iliyachukua mashamba ya wageni ikayagawia wananchi, na sisi tukapata mwenye shamba mpya. Mtu wa mjini, suti yake ya abakosi imepigwa pasi, anataka aitwe citoyen, yaani mwananchi. Mti wa kahawa alikuwa hajawahi kuugusa. Alitazama orodha ya wafanyakazi akauliza kwa nini bunduki moja ina watu wawili. Wakamwambia mmoja anapiga, mmoja anachinja. Akasema Saidi ana mikono miwili, anaweza kupiga na kuchinja, na yule mwingine akipiga vizuri zaidi atachinja mwenyewe. Mambo ya Wakristo na Waislamu yeye hayamhusu. Jumapili watapiga shabaha, atakayeshinda anabaki. Atakayeshindwa anatoka kazini na kwenye nyumba, maana nyumba za kambi zilikuwa za wenye kazi.

Papa akapata habari. Alikwenda kuoga. Mama ndiye aliyehesabu midomo: sisi watano, na mimba ya sita. Lakini hatukuogopa sana. Nani angemshinda Papa?

Jumapili tukaenda kama siku zote, karanga na kwanga, ila njiani hakuna aliyechokozana. Papayi lilikuwa tayari kwenye kigingi. Citoyen akalitazama.

"Hii ni soko? Toeni."

Karani wake akafungua karatasi kubwa aliyoichora mwenyewe. Mboloko, yule swala mdogo wa pori letu, amesimama ubavu, amechorwa vizuri kabisa. Katikati ya karatasi kulikuwa na duara, ndani yake duara, ndani yake nyingine, na namba. Nilitumwa kushika pembe ya karatasi wakati anaigongomea kwenye ubao. Nilikuwa darasa la nne, nilijua kusoma namba. Niliona kumi imeandikwa kwenye tumbo la mboloko. Begani hakukuwa na kitu.

Nilirudi nikakaa karibu na Mama. Sikusema. Mtoto hakuingilia maneno ya wanaume, na tena niliamini Papa anaona kila kitu.

Papa namba hakujua kusoma, na kuuliza hakuuliza. Alipiga goti, akavuta pumzi, akapiga. Mara ya pili. Mara ya tatu. Karani akaenda kutazama. Matundu matatu begani, karibu karibu, ungeyafunika kwa kizibo cha chupa. Wazee wakapiga makofi.

"Sifuri," karani akasema.

"Sifuri ya nani?" Mama akauliza.

"Zote iko inje ya duara. Pointi iko kwa katikati."

Papa akatembea mpaka kwenye ubao, akaitazama karatasi kwa karibu. Akamgeukia citoyen, sauti ya chini.

"Citoyen, pale ni tumbo. Ile nyama nani atakula?"

"Mimi sikukuita kula. Nilikuita kupiga katikati."

Citoyen akampa Tonton Saidi bunduki. Tonton Saidi aliishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Watoto wake saba walikuwa wamekaa mbele, mstari mmoja, wanamtazama.

"Ndugu," akamwambia Papa, "nifanye nini?"

"Fanya kazi. Watoto wako hawatakula aibu yako."

Tonton Saidi, mtu wa kukosa moja katika tatu, siku ile hakukosa. Zote tatu tumboni. Citoyen akampa mkono. Tonton Saidi akaitazama karatasi, akatema mate chini.

"Leo nimepiga mavi," akasema.

Papa ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wawili, wameshikana mabega, na sisi wengine hatukucheka. Papayi tukaliacha pale chini. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumatano tulikuwa ndani ya mtumbwi, sufuria na mikeka, tunakwenda Isangi kwa ndugu zake Papa. Tonton Saidi alitusindikiza mpaka mtoni na paja la ngulube, nguruwe wa pori, nyama asiyoila, aliyoiwinda kwa ajili yetu. Papa alivua samaki miaka tisa, akafa. Bunduki hakuishika tena. Shule yangu iliishia pale pale darasa la nne, na mwaka uliofuata nilikuwa nauza samaki wa moshi Kisangani, beseni kichwani. Watu wananiuliza kama nilimchukia Tonton Saidi. Hapana. Kama kuna mtu wa kuulizwa, ni yule aliyeiona kumi akanyamaza. Papa hilo sikumwambia mpaka akafa.

Leo wajukuu wangu wanapiga bunduki ndani ya telefone, wamelala juu ya kiti. Wanaua watu mia kabla ya chakula, halafu ukimtuma mmoja akamate kuku anaogopa mabawa. Nawauliza, hiyo nyama iko wapi? Wananitazama kama mimi ndiye mtoto. Lasibu ilikuwa risasi sita, kambi nzima, na tunda moja la watu wote. Siku hizi kila mmoja ana shabaha yake mfukoni, anapiga peke yake, na akishinda hakuna wa kugawana naye. Sisemi zamani ilikuwa nzuri. Zamani ilitutoa nyumbani. Lakini hata waliotushinda walitusindikiza mtoni.

Mimi leo, kwa samaki wale wale, niko na nyumba ya matofali Mangobo, hapa Kisangani, vyumba sita. Parseli mbili, viwanja, kule Kabondo, moja imejengwa, moja ina mihogo. Baleinière moja, boti kubwa ya mbao, ya kwenda Isangi, mota mpya. Kongelateri tatu za kugandisha samaki. Cherehani moja. Karatasi za hivyo vyote zina jina langu, na nilizisoma mwenyewe, polepole, namba kwa namba, kabla ya kutia sahihi. Hakuna mtu wa kuniita Jumapili nipige katikati ndipo niendelee kulala ndani.