Hatua Nne za Kumwonya Shemeji

Maji yalikatika saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, mwezi wa nane. Zamu yangu ya mfereji huanza saa kumi na mbili kamili na kuisha saa nne. Nilikuwa nimesimama katikati ya maharage na jembe mkononi, nikayaona maji yakipungua kwenye matuta, yakawa uzi, kisha matope. Nikapanda kuufuata mfereji. Shamba lililo juu ya langu ni la shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Kizuizi chake cha udongo kilikuwa kimebomolewa upya, na maji yangu yalikuwa yakiingia kwenye migomba yake.

Sikumwita. Nilirudi nyumbani nikaandika tarehe na saa. Alhamisi mbili zilizofuata ikawa vilevile, nikaandika tena.

Nieleze shemeji alikuwa nani kwangu. Mke wangu alifariki miaka sita kabla ya hapo, na hatukujaliwa watoto. Ninaishi peke yangu, juu kidogo ya Kikatiti, ninatengeneza vyerehani, kazi niliyojifunza kwa kusoma vitabu na kufungua mashine mbovu. Wiki nzima ningeweza kuongea na wateja tu: sindano, mkanda, bei. Lakini kila Jumapili baada ya misa shemeji alikuja kula kwangu. Alianza Jumapili ya kwanza baada ya mazishi. Alivuta kiti, akasema, "Haya, mpishi, tuone kama utatuua." Tangu hapo hakukosa, isipokuwa mara moja alipougua malaria.

Jumamosi ya wiki ile ya tatu, jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa mwalimu mstaafu, mama ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa mara mbili, kila mmoja anataja neno lililomgusa, na mwishoni tunapanga utekelezaji, yaani jambo la kufanya wiki hiyo. Kwa kawaida tunaamua kumtembelea mgonjwa. Siku hiyo Injili ilikuwa ile ya ndugu anayekukosea: kwanza umwonye mkiwa wawili tu, asiposikia, uende na mtu mmoja au wawili, asiposikia, uliambie kanisa, asiposikia hata kanisa, awe kwako kama mtoza ushuru. Shemeji hakuwapo, alikuwa amepeleka ndizi sokoni. Mimi ni mtu wa utaratibu, na sikuwahi kuona Injili ikipanga jambo kwa hatua namna ile, kama kitabu cha mashine. Nakiri kwamba nilifurahi.

Mchana nilikwenda kwake. Mkewe alileta chai, nikasema nina haraka. Nikasoma Alhamisi tatu, saa na dakika.

Shemeji alicheka. "Umeandika? Kwani mimi ni mita ya maji?"

"Ni zamu yangu."

"Migomba inakufa, shemeji. Nilijua hutanikatalia."

"Hukuniomba."

"Niombe? Kwako?" Alishangaa kwelikweli. "Mimi kwako nakula bila kuomba."

Niliondoka nikiwa nimehesabu kwamba hakusikia. Jumapili hakuja kula. Jumatatu nilirudi na mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu, na jirani mmoja. Shemeji alimwamkia mzee shikamoo, akamsalimu jirani, mimi akanipita kwa macho. "Umeniletea mashahidi nyumbani kwangu," alisema, na safari hii hakucheka.

Alhamisi maji yalikatika tena, kwa dakika kumi tu. Ningeweza kuziacha dakika kumi. Lakini hatua ya tatu ilikuwa inanisubiri.

Jumamosi, wakati wa utekelezaji ulipofika, nilisimama mbele ya watu wote nikasoma karatasi yangu. Kina mama waliangalia mkeka. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Baba, tulisema utekelezaji, hatukusema mashtaka." Shemeji alichukua kofia yake. "Wote mmesikia," alisema. "Alhamisi yote ni yako. Na zamu yangu ya Ijumaa chukua, uandike." Akatoka kabla ya sala ya kufunga, na baada ya wiki mbili tukasikia amehamia jumuiya ya ng'ambo ya korongo.

Kuanzia hapo maji yangu hayakukatika hata dakika moja. Jumapili niliendelea kupika chakula cha watu wawili, kwa sababu mkono ulizoea kipimo hicho, na nikala mabaki yake hadi Jumanne. Nilifungua redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Kanisani nilikiona kisogo chake benchi tatu mbele yangu. Wakati wa kutakiana amani aligeuka kushoto, akageuka kulia, akageuka nyuma benchi moja. Haikunifikia.

Nilidhani hatua ya nne imejitimiza yenyewe: amekuwa kwangu mtoza ushuru, basi. Lakini jioni ni ndefu kwa mtu aliye peke yake, nikaanza kutafuta katika Injili zote namna Bwana alivyoishi na watoza ushuru. Niliwaorodhesha. Mmoja aliitwa akiwa kazini, kukawa na karamu kwake. Mwingine aliteremshwa kutoka juu ya mti ili mgeni apate kwenda nyumbani kwake. Karibu kila nilipowakuta, chakula kilikuwa karibu. Sikumkuta hata mmoja aliyesomewa dakika zake.

Jumapili moja mwezi wa pili nilikwenda. Nilipiga hodi, akaja mlangoni mwenyewe.

"Uko peke yako, au mashahidi wako nyuma ya migomba?"

"Peke yangu. Nimekuja kula."

"Leo ni loshoro. Nyama hakuna."

"Sijauliza nyama."

Mkewe alileta bakuli la mahindi na ndizi katika maziwa ya mgando. Tukaanza kula. Nilipofika nusu nilisema, "Shemeji, siku ile nilikataa chai. Hapo ndipo nilipokukosea."

"Uliikataa," alisema.

Hakusema kwamba amenisamehe, na kwangu hajarudi kula hadi leo. Mimi ndiye ninayekwenda, Jumapili moja moja, na siku nyingine nasikia wametoka. Lakini siku ile, akikomba bakuli lake, aliuliza, "Hivi hayo maharage. Ulipata hasara gani hasa?"

Nilikuwa nimeandika kila dakika, na hilo sikuwahi kulipigia hesabu. Nikaipiga palepale mezani: matuta mawili ya mwisho yaliyokauka, debe moja na nusu, kwa bei ya soko la Kikatiti wakati wa mavuno.

"Elfu sabini na tano," nikamwambia, na ndipo nikaisikia bei niliyouzia Jumapili zetu.