Pampu ya Boti ya Kaka Yangu

Kaka yangu alipoingia dukani kwangu Majengo, pampu mbovu ya mafuta mkononi, imefungwa kwenye gazeti kama samaki, sikumpa shikamoo. Nilimwambia karibu mteja. Alisimama mlangoni akitafuta pa kuweka macho, nami nikaendelea kusugua injekta ya gari la watu kwa brashi. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu tulipomzika baba, na sikutaka iishe haraka.

Baba, kabla hajazidiwa, aliniita nyumbani Kirua Vunjo akanionyesha kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo la migomba, upande wa chini, karibu na mfereji. Alikata vishina vya masale, mimea yetu ya majani marefu, akavichomeka kwenye udongo wenye unyevu, akasema kuanzia hapa kwenda kule ni kwako. Hakuna aliyeuliza karatasi. Kwetu isale likishashika ndio mpaka wenyewe, na mtu mwenye akili zake haligusi.

Kaka aliyagusa. Udongo wa kaburi haujakauka, akayang'oa yote, ya mpaka wangu na mengine yaliyozunguka migomba, akayachoma pamoja na majani makavu. Aliniambia mbele ya mama kwamba mtoto wa kike hana kihamba, chake kiko huko atakakoolewa. Mama aliinamia sufuria ya mtori, akaendelea kukoroga. Nilishuka mjini nikilia mpaka barabara ya lami, na baada ya hapo sikulia tena. Hasira yangu niliitunza vizuri, nikaipaka mafuta isishike kutu.

Mambo ya kaka yalimnyookea. Akanunua boti ya fiberi yenye injini ya petroli yenye nguvu za farasi zaidi ya mia tatu, ya kutembeza watu Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu aliyekulia kwenye migomba, kuogelea hajui, anamiliki boti yenye nguvu kuliko lori la mbao. Akautangazia ukoo kwamba Krismasi, watu wakirudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, atawapakia wote. Tatizo ni kwamba boti inaondoka vizuri, lakini ikifika katikati ya maji, anapokanyaga moto, inakohoa na kuzima.

Alianzia kwa mafundi wa Himo. Wao walimfungia pampu yenye msukumo mkali zaidi, kabureta ikafurika, petroli ikachuruzika juu ya injini. Hilo ni kosa letu watu wa mlimani. Tumezoea kupandisha maji kwenye mashamba ya juu, basi chochote kisipofika tunadhani dawa ni kuongeza msukumo. Injini kubwa ya kabureta haitaki kusukumwa. Inataka mafuta mengi yanayokuja kwa upole, na bomba pana la kuyapitisha. Kule Himo wakamwambia fundi wa pampu anayejua mambo hayo ni mwanamke mmoja wa Majengo, na nadhani hapo ndipo chakula kilimkwama kooni.

Nilimhoji kama daktari. Tenki liko umbali gani na injini? Bomba lina unene gani? Injini iko wazi au imefunikwa? Alijibu moja moja, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake. Injini imefunikwa, alisema, kuna sanduku zuri la mbao, na juu yake amemshonea mama kiti cha sponji.

Niliweka pampu mbili kwenye meza. Zote zilikuwa za umeme, zote zilitoa mafuta ya kutosha injini ile, na msukumo wa zote ulikuwa mdogo kama inavyotakiwa. Moja ilikuwa ya gari, nyingine ya boti. Ukizitazama hutaona tofauti kubwa. Lakini ya gari haikuzibwa, na mota yake inatoa cheche ndogo inapozunguka. Kwenye gari upepo unapita chini, mvuke wa petroli unaondoka. Kwenye tumbo la boti mvuke hauna pa kwenda. Unatulia chini ya sanduku ukisubiri cheche ulipuke. Pampu ya boti imezibwa kabisa, cheche yake haitoki nje.

Kaka akaishika ile ya gari. Akaipima kwa mkono, akaniuliza kama hiyo haitoshi, maana pampu ni pampu.

Nilitaka kumuuzia. Nasema kama lilivyokuwa, sitaki kujifanya malaika. Nilitaka kumwambia inatosha kaka, nenda ukafunge, kisha nikae dukani kwangu nisubiri simu. Nilivitazama vidole vyake vikiizungusha pampu ile, vidole vilevile vilivyong'oa masale ya baba, na moyo wangu ukapata raha ya ajabu. Halafu mawazoni nikakiona kile kiti cha sponji, na mama juu yake, kitenge chake cha Krismasi, mikono magotini. Nikamnyang'anya pampu, nikairudisha chini ya meza.

Hasira haikuondoka. Ilitafuta njia nyingine. Nilimwambia ya kwake ni ile ya boti, mjini hapa hataipata kwingine, na mimi simuuzii. Akauliza nataka nini. Nikamjibu kwamba yeye ni mtoto wa kwetu, anajua mtu aliyemkosea mwenzake anakwenda na nini mkononi.

Kesho yake alirudi na chungu cha maua. Ndani yake mlikuwa na kitu chenye majani marefu yenye mistari ya njano, kinachofanana na isale la kuombea msamaha kama mimi ninavyofanana na mzungu. Alikuwa amekinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara. Nilicheka mpaka jirani wa duka la vioo akaja kuchungulia. Nilimuuliza kaka kama anaomba msamaha au anapamba hoteli. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kihambani hakuna isale hata moja, na aliyeyamaliza ni yeye.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimempata. Nilimwambia aende kwa bibi wa ng'ambo ya mfereji, mwenye masale mengi na mdomo usiopumzika. Kwetu huendi kuomba isale kama unavyoomba chumvi. Lazima uulizwe umemkosea nani, na lazima useme. Nikamwambia alilete nyumbani, mbele ya mama, tena lije na shina lake, sitaki jani tupu. Hakuuliza shina la nini.

Mama alinipigia simu kunieleza kwamba kaka amesimama kwa bibi tangu watu wametoka kanisani, na bibi bado anamhoji. Nilimwomba asikate simu, anisimulie yote.

Nilipanda nyumbani Jumamosi, pampu ya boti ikiwa kwenye mfuko. Bibi wa ng'ambo alikuwepo, na majirani wengine ambao hakuna aliyewaalika. Kaka alikuja na isale kwa mikono miwili, akainama.

"Mdogo wangu, nilikukosea," alisema. "Nilikunyang'anya alichokupa baba. Nisamehe."

Isale likishaletwa huruhusiwi kukataa. Nililipokea.

"Nimekusamehe, kaka. Shikamoo."

"Marahaba," alisema, na mabega yake yakashuka. Alidhani yamekwisha.

Nikapita katikati yao na isale langu mkononi, nikashuka kwenye migomba hadi pale baba aliposimama siku ile. Nikalichomeka ardhini, nikakanyagia udongo kwa kisigino. Nilisikia kaka akija nyuma yangu mbio.

"Hilo si la kupanda," alisema. "Hilo ni la msamaha."

"Ling'oe basi."

Alinitazama, akawatazama majirani waliokuwa wamejipanga kando ya mfereji. Kulichomoa isale aliloombea msamaha mwenyewe, mbele ya bibi yule, asingethubutu. Akamgeukia mama amsaidie, kama siku ile ya kuchoma masale. Mama alikuwa amefika kwa taratibu zake, anahema.

"Kalete maji," mama alimwambia. "Limwagilie."

Kaka akachota maji mferejini kwa kopo, akamwagilia. Nilimwacha amalize, ndipo nikafungua mfuko nikamkabidhi pampu yake, nikamweleza namna ya kuifunga na bomba la unene gani.

Krismasi walikwenda bwawani wote. Walinipigia simu kwamba boti imekimbia hadi katikati na kurudi bila kukohoa, na mama amekataa kushuka kwenye kiti chake. Nilifurahi kwa ajili ya mama. Mimi sikwenda. Nilibaki kihambani, pale isale lilipokuwa limeanza kutoa jani jipya, nikakaa kitako kando yake, upande wangu.