Fomu ya Viza Iliniuliza Kama Nina Shamba

Admin, jina langu libaki kwako, ukitaja Lushoto inatosha, maana kaka zangu nao wana simu. Nina miaka thelathini na nane. Niliolewa nikaachika, sikujaliwa mtoto, nikarudi kwa wazazi miaka kumi na moja iliyopita. Ni mpishi kwenye nyumba ya wageni mjini, na asubuhi kabla ya kazi nalima. Nawaambia haya mapema ili mjue mimi si mwanamke wa kukaa kusubiri kusaidiwa.

Niliporudi, baba alikuwa hai. Alinishika mkono akanipeleka bondeni, akanionyesha shamba kuanzia kwenye mfereji hadi kwenye mipeasi, akasema hili ni lako, lima ule. Alisema mbele ya mama na kaka zangu wawili. Wakati huo lilikuwa magugu matupu, hakuna aliyelitaka. Nikachimba matuta, nikasomba samadi kichwani, nikapanda kabichi, karoti na viazi. Baba alipougua nilimuuguza mimi mpaka akafariki, na dawa zake zilitoka kwenye karoti za hapo. Kaka zangu walikuja kuzika.

Mwaka jana mgeni mmoja, mwanamke wa makamo kutoka Ulaya ambaye hufikia pale kazini kila akija, aliniambia safari hii nataka wewe ndiye uje kwangu. Wiki tatu tu, kutembea. Tiketi juu yake, malazi kwake. Mimi ambaye mwisho wangu ni Tanga mjini, nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Akanieleza kwamba viza ya utalii inaombwa mtandaoni, nikaenda steshenari kwa dada mmoja anayewajazia watu fomu.

Fomu ile haina aibu. Umeolewa? Hapana. Una watoto? Hapana. Una nyumba au ardhi? Hapo nikasema ndiyo, shamba ninalo. Akauliza karatasi iko wapi. Nikamwambia sina, nilipewa kwa mdomo. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Dada, hawa watu wanataka kuona kitu kitakachokurudisha. Wewe hapa huonekani kuwa na chochote."

Akanishauri nikachukue barua kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji naye akataka muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za kaka zangu. Nikaona hilo si tatizo. Ujinga wangu huo.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya swala, sebuleni kwa mama. Nilipika pilau, nikawaamkia wote shikamoo, nikaeleza shida yangu. Kaka mkubwa alikula akamaliza, akanawa, ndipo akasema: "Lile shamba ni la ukoo. Wewe tulikuachia ulime kwa sababu ulirudi na mabegi yako." Kaka wa pili akawa anaangalia simu. Nikamgeukia mama, kwa kuwa baba alitamka mbele yake. Mama alijibu kwa Kishambaa, nawatafsiria: "Waachie kaka zako, mwanangu. Wewe unaweza kuolewa tena." Miaka yote nampikia, namuogesha maumivu ya miguu yakimzidi, halafu ushahidi wa maneno mawili ameshindwa kunipa. Niliumia kuliko siku niliyopewa talaka.

Nikarudi steshenari. Yule dada akasema kuna njia ya kutengeneza barua yenye mhuri, nikakataa, sitaki kuingia nchi ya watu kwa uongo. Akaniuliza basi kwenye ardhi tuweke nini. Nikamwambia aweke hapana. Nilimtazama akibonyeza, na kucha zangu bado zilikuwa na udongo wa asubuhi. Tukaambatanisha barua ya bosi wangu na mwaliko wa yule mgeni, nikaenda Dar kuweka alama za vidole, nikarudi kulima nikijua nitanyimwa.

Sikunyimwa. Viza imetoka, safari ni mwezi ujao. Mtu wa ofisini asiyenijua, aliyesoma kwamba sina mume, sina mtoto, sina hata tuta moja, ameamini nitarudi. Kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja, anaomba nisirudi. Wiki iliyopita nimekuta amepanda masale, ile mimea yetu ya mpakani, katikati ya kabichi zangu. Amegawa shamba pande mbili, huku la mwanawe, kule la kaka wa pili. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa kwamba si naenda Ulaya, shamba lisilale. Niliyang'oa yote nikayatupa mferejini. Kesho yake yalikuwa yamepandwa tena.

Sasa nasema ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kuwaza niende nisirudi. Halafu namkumbuka yule mgeni aliyeweka sahihi yake kunidhamini, naona nitakuwa mwizi kama kaka yangu. Nikiahirisha safari nilinde shamba, viza itaisha muda wake na nafasi hii siipati tena. Mtendaji ananiambia niende baraza la ardhi la kata, lakini shahidi wangu ni mama, na mama ameshachagua.

Jana jioni mama aliniuliza, taratibu, nikisafiri nani atampikia na kumkanda miguu. Nilifungua mdomo nimwambie awaite wenye shamba. Nikashindwa, nikaenda kumchemshia maji.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Niende nirudi, niende moja kwa moja, au nibaki nipambane nao barazani? Na mnaotaka kuniambia nisamehe kwa kuwa ni ndugu, nawaomba kwanza mniambie nikisharudi nitalima wapi.