Mifupa ya Mogesi

Mogesi hakuanguka. Hilo ndilo lililomtisha Christina, mkaza mwana wake, kuliko mlio wenyewe. Bibi huyo aliinama kuinua debe la maji, nyonga ikalia kama tawi kavu, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeshangaa.

Ulikuwa mwaka 1975, muda mfupi baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa huko Ringwani. Wanaume, akiwamo mumewe Christina, walimbeba kwa kitanda mabegani hadi zahanati. Christina alifuata nyuma na kitinda mimba wake, Robi, msichana wa miaka kumi na mitatu. Njiani aliwaza jinsi mgongo wa bibi ulivyopinda na kimo kilivyoshuka mwaka hadi mwaka, nao wakisema ni uzee tu.

Selestine, mganga wa zahanati, alimpapasa Mogesi nyonga, kisha akamuuliza alikula nini usichanani. Mogesi akajibu kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wa baba yake walikufa wote kwa tauni, akakulia ugali mtupu, akaolewa, akazaa tisa.

Selestine akamgeukia Robi, akavitazama vifundo vyake vilivyokonda.

"Huyu anakunywa maziwa?"

Christina alitikisa kichwa. Ng'ombe walibaki boma la zamani. Maziwa machache yaliyoletwa yalikuwa ya Heche, mumewe, na wageni wake.

"Mama, mfupa unajengwa katika umri huu," Selestine alisema. "Maziwa, dagaa, mboga za majani, kutembea na kufanya kazi. Akishakuwa mtu mzima tunalinda kilichopo tu. Kikiwa kidogo, mwisho wake ndio huo hapo kitandani."

Mogesi hakusimama tena. Alikufa kabla mtama haujavunwa. Matanga yalipokwisha, Christina alichukua kibuyu cha maziwa mbele ya mumewe akampa Robi. Heche akauliza msichana wa kuolewa anywe maziwa ya nini.

"Ulimbeba mama yako begani," Christina alimwambia. "Huyu unataka abebwe na nani?"

Heche akamsogezea Robi kikombe chake. Tangu hapo maziwa yaligawanywa, na kila siku ya gulio Christina alinunua dagaa, akawapika wazima na mifupa yao.

Robi alirefuka, akajaa, akabeba kuni bila kuhema. Lakini Christina mwenyewe alikuwa amekulia ugali mtupu. Asubuhi moja ya mwaka 1981 alinyoosha mkono kuchukua ungo ukutani, mahali alipouning'iniza miaka yote. Vidole havikuufikia. Akasimama kwa ncha za miguu, mgongo ukamchoma. Akamwita Robi amtungulie, wala hakumwambia kwa nini.