Khalfan na Bunduki ya Bega la Kushoto

Tuseme ukweli mapema tusije tukadanganyana: Khalfan Mbaruku hakuwa na shabaha. Misimu mitatu alikwenda uwanjani kila Jumamosi, na misimu mitatu alirudi nyumbani Scarborough, huku Kanada, akilaumu upepo. Siku upepo ulipotulia alilaumu jua, na jua lilipojificha alilaumu risasi za bei rahisi. Rafiki yake Riaz, ndiye mwenye gari na ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo huu wa kulenga shabaha za mbali, alimvumilia kwa sababu wote wawili ni watoto wa Tanga na njia nzima wanapiga soga mpaka wanapitiliza kona ya kuingia uwanjani.

Mwaka huu Riaz alichoka. Alimwambia wakiwa garini, macho yake barabarani.

"Khalfan ndugu yangu, mwezi wa tisa kuna mashindano ya wawili wawili, na mimi nataka kushinda kabla sijazeeka. Kwenye mchujo wa mwezi wa nane usipopita, naingia na Mehdi, yule mwenzetu wa uwanjani. Nakwambia sasa hivi usije ukasema nimekuzunguka."

Khalfan akasema sawa, hamna neno. Lakini lilikuwepo neno, tena kubwa. Yeye ni fundi wa mashine za kufulia. Wiki nzima yuko kwenye vyumba vya chini vya watu, amepiga magoti kwenye maji machafu, na anaozungumza nao ni wenye nyumba wanaotaka kujua atamaliza saa ngapi. Jumamosi ndiyo siku anayotaniwa kwa lugha yake na mtu anayemjua baba yake. Mehdi akiingia kwenye timu, kiti cha mbele cha gari ndiyo kimekwenda. Kwa hiyo aliapa kwamba atapita mchujo, hata kama itabidi ajifunze upya kama mtoto.

Masharti ya mchujo hayakuwa na maelezo mengi: risasi kumi, mita mia tatu, zote ndani ya duara jeusi.

Akamwendea Aurore, mama wa Kikongo anayefundisha wageni wa mchezo pale uwanjani, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Aurore alimtazama akilenga, akamtazama tena, kisha akamwambia aweke bunduki chini. Akamfundisha kuunganisha viganja abakize tundu dogo katikati, aitazame saa ya ukutani kupitia tundu lile, halafu afumbe jicho moja moja. Khalfan alipofumba jicho la kushoto, saa ikapotea. Alipofumba la kulia, saa ikabaki palepale.

"Papa, jicho lako la kazi ni la kushoto," Aurore akasema. "Na wewe ni mashoto, siyo? Hata kifuniko cha chupa unafungua na kushoto. Sasa bunduki inafanya nini kwenye bega la kulia?"

Hapo Khalfan aliona haya kama aliyevuliwa shati. Kwao, nyumba ya watu wa adabu, mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazisemwi mbele za watu. Bibi yake alimpaka pilipili vidoleni mpaka akajua kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupokea na kutoa kwa kulia. Alipopewa bunduki mara ya kwanza kule JKT, kwenye mafunzo ya jeshi la kujenga taifa, kijana aliyelelewa namna ile angeipokea kwa mkono gani? Aliipokea kwa kulia, akaiweka bega la kulia, akakosa, akatukanwa na afande, na tangu siku ile akaamini kwamba kukosa ni kipaji chake. Alijaribu kumweleza Aurore kwamba ule mkono ni wa chooni.

"Mimi sijakuomba ule nao ugali," Aurore akamjibu. "Nimekuomba ulenge nao."

Basi ikawa kazi ya kutafuta bunduki, na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Bunduki yake ya zamani ilikuwa ya kukoki kwa mkono, na kikokio kiko upande wa kulia. Ukiiweka bega la kushoto, kila baada ya risasi inabidi mkono uvuke juu, bunduki iyumbe, uanze kuitafuta shabaha upya. Za mashoto zipo, lakini adimu, na bei yake inakata maini. Iliyobaki ni ya kujipakia yenyewe: unavuta kifyatulio, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia, na wewe hujabandua shavu. Tatizo ni kwamba serikali imepiga marufuku aina nyingi za namna hiyo, na Khalfan, mwenye leseni yake na asiyependa kesi, alihakikisha kila aliyoitazama kwamba bado inaruhusiwa.

Bajeti alipewa na mkewe, Zawena, ambaye hana mchezo.

"Ni hii hii," Zawena akamwambia. "Humo humo bunduki, humo humo darubini, humo humo risasi. Ukizidisha, utaipika hiyo bunduki tule."

Riaz alimpeleka dukani, na tangu mlangoni akaanza kununa. Kwa Riaz, bunduki ya kujipakia ni ya watu wavivu wanaomwaga risasi ovyo. Mlengaji wa kweli anakoki mwenyewe, taratibu, kiungwana. Yeye anayo ya fahari, anaifuta kwa kitambaa kuliko anavyofuta miwani yake. Akamwonyesha Khalfan moja ya mashoto, nzuri, inang'aa.

"Ngoja mwakani ununue kama hii," akasema. "Kitu cha maana."

"Mwakani utakuwa na Mehdi," Khalfan akamjibu.

Riaz akaenda kuangalia buti.

Muuzaji naye alitaka kumpa bunduki mpya yenye madoido, lakini ukiinunua hiyo hubakiwi na pesa ya darubini, na bunduki isiyo na darubini nzuri mita mia tatu ni fimbo. Aurore alikuwa amemwonya hivyo hivyo: jicho kwanza, risasi za mazoezi pili, chuma tatu. Khalfan akang'ang'ana. Aliomba aonyeshwe zilizotumika, akazitia begani moja baada ya nyingine, bega la kushoto, wateja wakimtazama. Mwishowe akashika moja ya mzee fulani mwindaji, kitako cha mbao kimechubuka, kifyatulio kizito kama mlango wa friji mbovu. Mtutu ulikuwa safi ndani, na shavu lilikaa penyewe. Pesa iliyobaki ikatosha darubini ya maana na risasi za msimu. Aliichukua akijua aibu yake: upande wa kushoto, maganda ya moto yanaruka karibu kabisa na uso.

Miezi ile alifanya mazoezi kwa ukaidi. Nyumbani, bunduki tupu, alijifunza kile kifyatulio kizito mpaka kidole cha kushoto kikakizoea. Uwanjani alianza karibu, akarudi nyuma kidogo kidogo. Mwanzoni kila ganda lilipopita alifumba macho, na risasi ikaenda kwenye shabaha ya jirani. Garini soga zilipungua. Hilo lilimuuma Khalfan kuliko kukosa kwenyewe, lakini hakuacha.

Siku ya mchujo alilala chini kwenye mkeka, akavuta pumzi, akaanza. Risasi tano za kwanza zilikwenda vizuri. Alipopachika kasha la pili la risasi tano na kupiga, ganda lilimdondokea ndani ya ukosi, la moto kwelikweli, likaganda shingoni. Ngozi iliungua na yeye akaisikia ikiungua. Hakubandua shavu. Alijisemea kwamba shingo itapona, akapiga ya saba, ya nane, akaendelea mpaka zikaisha, ndipo akakurupuka kujipapasa kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Wakatembea mpaka kwenye shabaha, Aurore mbele, Riaz kando yake. Aurore akapitisha kidole kwenye matundu, moja moja. Kumi, zote ndani ya duara jeusi, moja ikiwa imeng'ata ukingo kwa ndani. Riaz hakuamini, akahesabu mwenyewe, akarudia. Kisha akamgeukia Khalfan, na uso wake haukujua ufurahi au uone haya.

"Mimi nilikuwa nimeshamwambia Mehdi ajiandae," akasema.

"Mpigie," Khalfan akamwambia, "mwambie asijiandae."